Kupasua Magogo Kuwa Mataruma ya Reli katika Kiwanda Kidogo cha Familia

Taruma, boriti la mbao linalolazwa chini ya reli, hutoka moyoni mwa gogo. Mbao safi isiyo na vifundo iko nje, karibu na gome, na hiyo hupata bei nzuri zaidi ikienda kwa watengeneza samani na sakafu. Katikati, penye vifundo na kiini (kitovu cha pete za ukuaji), seremala hapataki, lakini treni hupita juu yake bila shida. Kwa hiyo kazi yote inahusu kitu kimoja: kuvua mbao za pembeni kwa hesabu, mpaka libaki taruma lililokizunguka kiini pande zote nne. Anayechonga gogo nene mpaka libaki taruma peke yake, na vilivyobaki akavitupa kwenye rundo la mabanzi (vipande vya nje vyenye gome), anauza mbao nzuri kwa bei ya kutupa.

Vipimo vilivyotumika hapa ni vya Marekani, ambako viwanda vidogo vya familia bado vinapasua mataruma ya miti migumu kama mwaloni na hikori. Ni inchi na futi, kwa sababu mkaguzi wa huko atakuja na futi kamba ya inchi.

Anza kwa mnunuzi, siyo kwa gogo

Kabla hujawasha mashine, pata maandishi ya mnunuzi: aina za miti anazopokea, unene, upana, urefu na kasoro anazokataa. Taruma la njia kuu ni inchi 7 kwa 9, urefu futi 8 na inchi 6 (milimita 178 kwa 229, urefu kama mita 2.59). Wapo wanaotaka futi 8 au futi 9. Taruma la inchi 6 kwa 8 huenda kwenye njia za pembeni na za viwandani. Soko halikauki upesi: mataruma yakipangwa kila baada ya inchi 19 na nusu, maili moja inakula karibu 3,250.

Jambo ambalo mpasuaji mgeni hulipuuza ni sehemu zinazokalia reli. Kwenye taruma, eneo la kati ya inchi 20 na inchi 40 kutoka katikati, upande huu na upande ule, ndilo linalobeba mzigo. Geji sanifu ni inchi 56 na nusu kati ya reli na reli, hivyo kila reli inaangukia hapo ndani. Kifundo kikubwa, shimo au pembe butu (pale kona inapobaki na mviringo wa gogo badala ya kukatika sawa) ikiwa katikati kabisa au mwishoni inaweza kusamehewa. Ikiwa chini ya reli, taruma linashushwa daraja au linakataliwa. Uso wa juu nao haukisiwi. Ni ule ulio mbali zaidi na kiini.

Uozo haukubaliki popote. Kifundo kinahesabiwa kuwa kikubwa kikizidi theluthi moja ya upana wa uso kilipo. Nyuzi za mbao zikikimbia mshazari kupita inchi 1 kwa kila inchi 15, taruma litapasuka kwa mshazari huohuo likishapigwa misumari ya reli. Gome liondoke lote, kwa sababu dawa ya kuzuia uozo haipenyi kwenye gome na wadudu hujificha chini yake.

Gogo linalofaa

Mstari unaounganisha kona mbili zinazokabiliana za taruma la 7 kwa 9 ni inchi 11.4. Hicho ndicho kipenyo kidogo kabisa, bila gome, kwenye ncha nyembamba ya gogo lililonyooka, ukitaka kona zote kamili. Kwa 6 kwa 8 ni inchi 10 kamili. Gogo la inchi 11 bado linatoa taruma la 7 kwa 9, ila uso wake wa juu utakuwa na upana wa inchi 8 na nusu, yaani robo inchi ya pembe butu kila upande. Angalia mkataba unaruhusu kiasi gani ndipo ulinunue. Kwa kazi ya kila siku, magogo ya inchi 13 hadi 16 ndiyo matamu: taruma moja la katikati na mbao za kutosha pembeni.

Gogo lililopinda lina hesabu yake. Nyosha kamba kutoka ncha hadi kitako upande wa ndani wa pindo, pima nafasi iliyopo kati ya kamba na gogo pale katikati, kisha utoe kipimo hicho kwenye kipenyo. Gogo la inchi 13 lenye pindo la inchi 1 na nusu, kwako wewe ni gogo la inchi 11 na nusu kwa upande huo. Wauzaji wa magogo hawalitaji pindo, kwa hiyo kamba iwe mfukoni siku ya kununua.

Urefu ukatwe futi 8 na inchi 8 hadi 10. Zile inchi za ziada ndizo zitakazobeba nyufa za ncha na matope, kisha utazikata mwishoni. Anayekata gogo futi 8 na inchi 6 kamili porini hana tena pa kurekebishia.

Soma ncha za gogo kabla hujalipandisha. Ufa unaofuata pete za ukuaji ni hatari kuliko ule wa kwenda nje kama mwale, kwani taruma litabanduka kama kitunguu. Tundu katikati lenye unga mwekundu au mweupe ni uozo, na mara nyingi hupanda juu kuliko unavyodhani. Kwenye mwaloni, doa la bluu iliyokolea kuwa nyeusi linamaanisha chuma ndani: msumari, waya wa uzio, kulabu. Tanini, kemikali ya asili iliyomo kwenye mwaloni, ikikutana na chuma hutoa rangi hiyo, na hufuata nyuzi ikienda mbali na chuma chenyewe, kwa hiyo usidhani uko salama kwa kuwa doa umeliona mwishoni tu. Pitisha kigunduzi cha chuma, hasa kwenye miti iliyokatwa karibu na nyumba au mpaka wa shamba, ambako msumari huwa kwenye futi chache za chini.

Ondoa gome au angalau lisafishe gogo pale mkanda wa msumeno unapoingilia. Mchanga uliojibana kwenye gome unaua makali kwa gogo moja.

Msumeno

Viwanda vya aina hii hutumia msumeno wa mkanda unaolala au msumeno mkubwa wa mviringo wenye gari la kubeba gogo. Wa mviringo una kasi na haubabaiki na kifundo, lakini kila mkato unageuza karibu inchi 5/16 kuwa unga. Wa mkanda unakula inchi 1/8 au chini ya hapo. Tofauti inaonekana kwenye mbao za pembeni: kwa mikato mitatu upande mmoja, wa mviringo umekula zaidi ya nusu inchi ya ziada, na mara nyingi hiyo ndiyo mbao ya kwanza inayopotea.

Msumeno wa mviringo hugongwa nyundo na fundi wake ili usimame wima kwenye idadi fulani ya mizunguko kwa dakika. Ukiuendesha chini ya hapo, kwa mfano injini ikielemewa katikati ya gogo nene, unalegea na kuanza kuyumba. Dawa yake ni kupunguza mwendo wa gari, au kupata injini yenye nguvu zaidi. Kuukaza msumeno hakutasaidia.

Kwa mkanda, mwaloni hutaka pembe ya jino isiyo kali sana. Nyuzi 10 zinafanya kazi kwenye magogo mabichi ya kawaida, nyuzi 7 kwenye yaliyo magumu au yenye vifundo vingi. Sogeza mkono wa rola ya kuongozea mkanda karibu na gogo kadiri inavyowezekana. Mkanda ulio huru kwa urefu mkubwa hupanda na kushuka ukikutana na kifundo, na ubao hutoka na mawimbi. Mawimbi yakianza, fuata utaratibu huu: makali kwanza, kisha kukaza mkanda, kisha rola, mwisho mwendo wa kusukuma. Mara nyingi hutafika hatua ya pili. Mkanda butu ndio mchawi, na kusukuma kwa nguvu ili umalize gogo kunauharibu zaidi kwa sababu unapata moto na kurefuka.

Kukilaza kiini sawa

Kila gogo ni nene kitakoni na jembamba nchani. Likilala tu kwenye kitanda cha mashine, kiini chake kinakuwa na mteremko, na taruma utakalolipata litakuwa na kiini katikati ncha moja na pembeni ncha nyingine. Taruma la namna hiyo hupinda likikauka.

Pima urefu kutoka kitandani hadi kwenye kiini, ncha zote mbili. Inua ncha nyembamba kwa kabari, au kwa rola za kunyanyulia kama mashine yako inazo, mpaka vipimo vilingane. Kama kiini hakiko katikati ya gogo (miti ya mteremkoni huwa hivyo), bado unafuata kiini. Gome halikuongozi kitu. Pindo, kama lipo, lielekeze juu au chini kwenye mikato ya kwanza, lisikae ubavuni. Mikato hiyo miwili ndiyo itakayolinyoosha.

Mfano. Gogo lina kipenyo cha inchi 15 nchani na 16 na nusu kitakoni, bila gome. Kiini cha kitakoni kiko inchi 8 na robo juu ya kitanda. Cha nchani kiko 7 na nusu, hivyo ncha inanyanyuliwa robo tatu ya inchi. Mbao za pembeni ni inchi 1 na 1/8, mkato unakula 1/8, kwa hiyo kila hatua ni inchi 1 na robo. Kipimo cha mashine kinasoma kinachobaki chini ya mkanda.

1. Unataka uso wa kwanza wa taruma uwe inchi 4 na nusu juu ya kiini (nusu ya 9): 8 na robo jumlisha 4 na nusu ni 12 na robo tatu. Hesabu kwenda juu kwa hatua za 1 na robo: 14, kisha 15 na robo. Anzia 15 na robo. Linatoka banzi, na uso unaobaki una upana wa kama inchi 5 na nusu nchani. Mkato wa 14 unatoa ubao, wa 12 na robo tatu unatoa wa pili.

2. Geuza nusu mzunguko. Uso bapa sasa uko kitandani, ondoa kabari. Mikato ni 11 na nusu, 10 na robo, kisha 9. Zimetoka mbao nyingine mbili, na boriti lako lina unene wa inchi 9.

3. Geuza robo mzunguko, libane kwenye nguzo za skwea (nguzo wima za kubania), nyanyua ncha tena mpaka kiini kiwe 8 na robo kote. Safari hii nusu ya taruma ni inchi 3 na nusu, hivyo mwisho ni 11 na robo tatu. Anzia 14 na robo, shuka 13, kisha 11 na robo tatu. Kwenye 14 na robo uso tayari una inchi 9 kamili, ndiyo maana hakuna haja ya kuanzia juu zaidi kutafuta kiubao chembamba.

4. Geuza nusu mzunguko, ondoa kabari: 9 na nusu, 8 na robo, 7.

Jumla ni taruma moja na mbao nane. Taruma peke yake lina futi za mbao 44.6 (7 × 9 × 8.5 ÷ 12); futi moja ya mbao ni ubao wa futi moja kwa futi moja, unene inchi moja. Andika hatua hizi kwenye kadi kwa kila kipenyo cha inchi 12 hadi 18 na uibandike kwenye mashine. Anayehesabu kichwani mchana kutwa atakosea saa tisa alasiri. Kama mashine yako inatofautiana kidogo kati ya mkato na mkato, ongeza 1/8 kwenye vipimo vya mwisho. Mkaguzi hulalamikia pungufu kabla ya kulalamikia ziada.

Magogo manene huleta kishawishi. Kipenyo cha inchi 17 kinatosha mataruma mawili yaliyobebana, ila mkato wa kuyatenganisha unapita juu ya kiini. Kila taruma linabaki na kiini usoni, na hapo ndipo ufa unaanzia na upande mmoja unavuta kuliko mwingine. Wanunuzi wengine wanayapokea, lakini kama mbao za pembeni zina soko, taruma moja la katikati ndilo bora.

Mti unaovuta

Mti ulio hai hukua ukiwa umejibana: tabaka za nje zinavuta, za ndani zinasukuma. Ukiondoa banzi la juu, mvutano wa upande wa chini unabaki bila wa kuushindania. Ncha za ubao ulioutoa zinanyanyuka, na boriti lenyewe linavimba katikati kutoka kitandani. Ukiendelea kukata hapo bila kuangalia, taruma litakuwa na inchi 7 kwenye ncha na 6 na robo tatu katikati, na utamlaumu mkanda bure.

Kagua kwa macho: chungulia chini ya boriti, uone kama mwanga unapita katikati. Ukiona nafasi ya zaidi ya 1/8, usimalize upande huo. Geuza, toa ubao mmoja upande wa pili, rudi. Magogo ya namna hii hupasuliwa kwa kupokezana pande, ubao huku, ubao kule, ingawa kugeuza mara nyingi kunachosha. Kulibana boriti kwa nguvu likae chini hakuondoi tatizo. Likifunguliwa linarudi lilivyotaka.

Kwa kila gogo la kwanza la siku, na kila baada ya kubadilisha mkanda, pima taruma kwenye kona nne na katikati. Kisha weka skwea kwenye ncha zote mbili. Likitoka na umbo la msambamba badala ya mstatili, nguzo za kubania hazijasimama wima juu ya kitanda, au uchafu umejaa chini ya boriti.

Ncha, ukaguzi na kubeba

Kata ncha baada ya kupasua, siyo kabla. Gawa ziada pande mbili kulingana na nyufa: kama kitako kina ufa wa inchi 3 na ncha ni safi, zitoe zote kitakoni. Kata skwea, futi 8 na inchi 6. Chenso inatosha ukiwa na kiongozi cha chuma cha kuikalisha. Kwa kukisia, mkato utaenda mshazari.

Liweke taruma uso wa juu ukikutazama, pima inchi 20 na 40 kutoka katikati kila upande, angalia hapo kwanza. Kama pembe butu imeangukia chini ya reli na unene unaruhusu, huenda taruma hilo linaweza kupunguzwa kuwa 6 kwa 8 na kulipwa kwa daraja lake. Fanya hivyo hapo hapo, siyo baada ya lori kurudishwa.

Taruma bichi la mwaloni lina kama kilo 105. Halibebwi na mtu mmoja wala wawili. Tumia rola, foka ya kunyanyulia mizigo, au ndoana ndefu ya kugeuzia magogo, na asiwepo mtu upande ambao gogo linaweza kubingirikia. Mkanda ukikatika hurushwa kwa mstari wa magurudumu yake, basi hapo pasiwe njia ya kupita wala pa watoto kuchezea. Unga wa miti migumu unajulikana kusababisha saratani ya pua kwa wanaouvuta miaka mingi. Barakoa halisi ya vumbi ivaliwe kila siku, na unga usiachwe ulundikane kwenye injini yenye moto.

Kupanga na kupeleka

Panga juu ya magogo au zege, si chini ya inchi 6 kutoka ardhini, tabaka kwa tabaka, vijiti vikavu vya inchi moja vikitenganisha, vijiti vyote vikisimama kwenye mstari mmoja wa wima. Kijiti kilichotoka nje ya mstari hupinda taruma la chini yake. Mwaloni na hikori zikae rundo lao, miti migumu mingine, kama mepo, rundo lake, kwa kuwa havikauki wala kunywa dawa kwa kasi moja. Hata mialoni haifanani: moyo wa mwaloni mweupe una vishipa vilivyoziba na hunywa dawa kidogo sana, wakati mwekundu unaipokea vizuri.

Wakati wa joto usiyaweke mataruma kiwandani ukingoja lori lijae sana. Kuvu huingia mbao mbichi ndani ya wiki chache, na uozo wa mwanzo unaoonekana kama madoa tu ya kahawia ndio mkaguzi anaoutafuta. Kukausha kwa hewa mpaka kufaa kutiwa dawa, ambako kwa mwaloni huchukua miezi sita hadi mwaka, ni kazi ya mnunuzi kwenye uwanja wake, pamoja na kupigilia mabati ya kuzuia ncha zisipasuke.

Kutia kreosoti, dawa ya kuzuia uozo itokanayo na lami ya makaa, pia mwachie yeye. Inasukumwa kwa shinikizo ndani ya mitungi mikubwa ya chuma, njia iliyopewa hataza Uingereza mwaka 1838 kwa jina la John Bethell, na Marekani inaruhusiwa kutumiwa na wenye kibali tu. Kupaka kwa brashi kunabaki juu juu. Mabanzi na vipande vya ncha vya mbao mbichi ambavyo havijatiwa dawa vinafaa kuni, lakini mataruma ya zamani yaliyotolewa relini yasichomwe kamwe, hata kwenye tanuri la kukaushia mbao.

Kila shehena iende na karatasi yenye idadi kwa aina ya mti, kipimo na daraja, na nakala ibaki kwako. Mkaguzi akikataa mataruma, omba sababu ya kila moja: kama mengi yamekataliwa kwa unene, tatizo liko kwenye mashine; kama ni pembe butu, liko kwenye magogo unayonunua.